Utani Tusiogawiwa: Kicheko cha Mzazi na Mwanawe Mtu Mzima

 

Mila zetu zimegawa kicheko kwa uangalifu mkubwa. Babu amepewa utani na mjukuu. Mtu amepewa utani na mtoto wa mjomba, na mtoto wa shangazi, na shemeji zake. Mzaramo amepewa Mnyamwezi, Mpare amepewa Mchaga, Mngoni amepewa Msukuma. Mtani anaweza kukukamatia kuku mchana kweupe, akakuita mlafi mbele ya wakwe zako, nawe huna pa kushitaki. Pitia orodha yote hiyo, hutakuta mahali ambapo baba amepewa mwanawe wala mama bintiye. Wao wamepewa heshima: shikamoo kila asubuhi, kupokea kwa mikono miwili, kunyamaza mkubwa anapozungumza, kutokaa kitandani kwa wazazi.

Jioni hii nataka kuzungumzia kicheko ambacho hakuna aliyetugawia. Ni kicheko cha mzazi na mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwenye nyumba yake, madeni yake, pengine na mvi mbili tatu. Mlioonja mnakijua. Mama ameshika mbavu, mtoto machozi yanamtoka, na anayeingia wakati huo akiuliza kuna nini, hakuna wa kumjibu. Naamini hiyo ni moja ya furaha kubwa kabisa alizojaaliwa binadamu, na sisi tumeisemea kidogo mno.

Tazameni fasihi yetu. Mzazi anapozungumza na mwanawe katika ushairi wa Kiswahili, anausia. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye akiwa mgonjwa. Ni wosia juu ya dini, adabu na ndoa. Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili; zote mbili ni nasaha. Ni kazi kubwa hizo, nazipenda, na sitaki mtu aniambie zimepitwa na wakati. Lakini zote zinamkuta mtoto bado anafundwa. Mzazi anasema, mtoto anasikiliza. Yanayotokea miaka thelathini baadaye, wakati wosia umeshazingatiwa au umeshasahauliwa, na wawili hawa wamekaa uani wakichambua mchele, hayo hayakupata mtunzi.

Wanaanthropolojia waliuona mpangilio wetu huu wa utani na heshima zamani. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala mashuhuri juu ya mahusiano ya utani, na miaka minne baadaye R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Hoja ya Radcliffe-Brown kuhusu vizazi haimsumbui mtu aliyelelewa huku. Mzazi ndiye mwenye kazi ya kumnyoosha mtoto, na mwenye kazi hiyo hachezewi. Babu na bibi wameshaimaliza kazi yao, ndiyo maana wao na wajukuu wanataniana. Utani unaruka kizazi.

Hoja hiyo naikubali, kisha naisogeza mbele. Ikiwa kinachozuia kicheko ni kazi ya kunyoosha, basi kazi hiyo ina mwisho. Iko siku mtoto ameshanyooka, au ameshashindikana, na hakuna fimbo itakayobadili kitu. Siku hiyo mzazi na mtoto wanabaki na heshima peke yake, bila ile kazi. Wengi hawaitambui ikifika. Baba anaendelea kumkaripia mhandisi wa miaka arobaini na tano kwa sababu ya viatu alivyoviacha mlangoni, na mhandisi anaendelea kujibu "ndiyo baba" huku akitazama saa. Wanapendana wawili hao. Wanapendana sana. Ila wamebaki na mazungumzo ya zamani, ya mtu mwenye miaka kumi na baba mwenye mkanda, na nyumbani kwao kuna kimya kirefu kila chakula kikiletwa.

Mila zenyewe, kwa hekima yake, zimeacha upenyo. Upenyo huo ni mjukuu. Akizaliwa mtoto wa kike, babu anamwita mke wangu. Bibi anamwita mke mwenzangu, anamlalamikia kwamba amekuja kumnyang'anya mume, anamwahidi kumwachia na nguo zote za kufua. Mama wa mtoto yuko pale pale, amempakata. Pengine ni mara yake ya kwanza kumwona mama yake mzazi akiigiza, akibana pua, akijifanya ana wivu. Atafanyaje? Atacheka. Kisha atajibu kwa niaba ya kichanga kisichojua kusema: "Mwambie bibi, mume mwenyewe hana meno, abaki naye tu." Angalieni alichokifanya. Amemtania baba yake mzazi, jambo ambalo katika maisha yake yote hakuthubutu, lakini amelipitishia kwa mtoto. Baba kasikia. Mama kasikia. Kila mmoja anajua maneno yametoka wapi, na wote wanacheka, na shikamoo ya kesho asubuhi iko pale pale.

Nimeliona hilo katika nyumba nyingi na kila mara linanifurahisha upya. Familia ambayo haikuwahi kucheka pamoja inajifunza kucheka juu ya kichwa cha mtoto mchanga.

Kwetu, upenyo ulipatikana kwenye kanga, na kwa kuwa mama mwenyewe kaniruhusu, nitawasimulia.

Kaka yangu mkubwa alipooa, mama alitaka kumpelekea zawadi mkwe wake, mama mzazi wa bibi harusi. Alikwenda dukani jioni, taa hafifu, miwani ameiacha nyumbani. Akachagua doti kwa rangi zake: zambarau na nyeupe, pindo pana, mji umejaa korosho. Akaikunja vizuri, akaifunga, akaipeleka mwenyewe kwa mikono miwili. Jina la kanga ile lilikuwa UMBEA HAUNA POSHO. Na mkwe yule, Mungu amrehemu, mtaa mzima ulimjua kwa kuzipata habari za watu kabla wenyewe hawajazipata.

Mkwe akapokea, akashukuru, akasoma, asiseme neno. Miezi ikapita. Siku ya Idi akaja kututembelea, mkononi ana mfuko, ndani ya mfuko doti mpya, nzuri kuliko ile, jina lake MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Mama, ambaye hadi saa hiyo hakujua alichokifanya, safari hii alikuwa na miwani. Akasoma. Akakesha usiku kucha akijiuliza amemdhani nani kuwa nani. Asubuhi akamfuata shangazi yetu, na shangazi, aliyekuwa ameiona ile kanga ya kwanza na kudhani mama amekusudia, akamweleza.

Sisi watoto hatukulijua jambo hili miaka na miaka. Mama alilificha kama aibu ya nyumba. Tuliona tu kwamba kuna kanga moja nzuri ambayo haivaliwi, na tulijifunza kutouliza. Alikuja kunisimulia mimi nikiwa nina wakwe zangu, siku tunapanga nguo sandukuni na kanga ile ikatoka chini kabisa, bado ina mikunjo ya dukani. Alianza kwa huzuni. Alipofika kwenye jina la ile ya kwanza, sauti ikamkatika, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Nikacheka nami, mwanzo kwa adabu, mkono mdomoni, halafu nikashindwa, nikakaa sakafuni kati ya nguo. Tunanyamaza, tunapumua, tunajifuta macho, mmoja wetu anasema, "Na imekunjwa vizuri!" tunaanza upya.

Kichekesho chenyewe si kikubwa. Lililonigusa ni kwamba mama alinikabidhi aibu yake, akaniamini nayo. Mama niliyemjua utotoni hakuwa na makosa: anajua bei ya kila kitu sokoni, anajua nani ana homa kabla hajamgusa, anajua umesema uongo kwa jinsi ulivyoingia mlangoni. Mwanamke aliyesahau miwani, aliyelala macho wazi akimwogopa mkwe, huyo nilikuwa sijakutana naye. Nilimpenda hapo hapo. Asubuhi nilimwamkia shikamoo kama siku zote, na naweza kusema kwa moyo mweupe kwamba sijawahi kuitamka kwa heshima kubwa kuliko siku ile, maana sasa nilijua ninamwamkia nani.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba kucheka na mzazi ni kumshusha. Heshima ya mtoto mdogo inatokana na kutojua. Anamwona mzazi mkubwa kwa kuwa yeye ni mdogo. Mtu mzima ameshajua uzito wa kodi ya nyumba, ndoa, maradhi na wakwe. Akimheshimu mzazi wake akiwa anayajua hayo, na akiujua udhaifu wake pia, heshima hiyo ina mizizi. Na katika kicheko cha pamoja ndipo elimu hiyo inapopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kumjeruhi yeyote.

Mtafiti Mmarekani Robert Provine, aliyefariki mwaka 2019, aliwatuma wanafunzi wake mitaani na madukani wakasikilize watu wanavyocheka. Walikusanya vicheko 1,200. Chini ya asilimia 20 vilifuata kitu ambacho ungeweza kukiita kichekesho. Vilivyobaki vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya kuagana, ya kuulizana habari. Akaona pia kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwa nini kicheko cha mzazi na mwana hakisimuliki. Mwambie jirani "na imekunjwa vizuri" uone kama atacheka. Nyuma ya maneno hayo matatu pana sanduku, harusi, shangazi, Idi, na kanga ambayo watoto walikatazwa kuiulizia bila kukatazwa. Kicheko cha aina hii kinahitaji watu walioishi nyumba moja muda mrefu. Rafiki uliyekutana naye chuoni, hata awe mcheshi vipi, hawezi kukupa.

Lakini tusikisifu kicheko ovyo. Tarehe 30 Januari 1962, haijatimia miezi miwili tangu Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Wasichana wakarejeshwa makwao, na kicheko kikaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba pekee kiliwashika watu 217, wengi wao watoto na vijana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala vijidudu vya kueleza jambo hilo. Kilikuwa kicheko cha dhiki, kimechanganyika na vilio na mahangaiko, na kilimwacha mtu hoi. Fikirini mama wa Nshamba aliyempokea binti yake kutoka shule, binti anacheka, na mama anajua kwamba mwanawe hana furaha. Sauti ilikuwa ile ile ya kicheko. Aliyeisikia kwa sikio la mzazi hakudanganyika.

Kipo na kicheko kingine kinachonisumbua zaidi, kwa sababu cha Kashasha kilipita na hiki kinaongezeka. Siku hizi kijana anamrekodi mama yake akishindwa kutamka jina la dawa, au baba yake akiishika simu mpya kichwa chini miguu juu, kisha anairusha mtandaoni watu laki moja wamcheke. Wengine watasema ni mapenzi. Mimi nauliza swali moja tu: mzazi mwenyewe aliiona video ile kabla, akacheka? Kama alicheka, hayo ni yao, na heri yao. Kama hakuonyeshwa, basi mtoto amechukua kitu kilichokuwa cha wawili, akakigawa kwa watu wasiojua mama huyu aliwalipia wanawe ada kwa kuuza nini. Na wazazi nao wasijitoe. Wapo waliowacheka watoto wao pua, weusi, unene, kigugumizi, mbele za wageni, wakaita utani. Mtoto wa miaka saba hana jinsi ya kujibu utani. Akikua, atakuja kukuona sikukuu, ataleta sukari na mafuta, atakaa nusu saa. Hatacheka.

Nimewahi kujiuliza kwa nini wachekeshaji wetu tuliowapenda mno walikuwa wazee, au waliigiza wazee. Amri Athumani wa Tanga, ambaye wote tulimwita King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, mara nyingi alikuwa baba mbishi, mbahili, mwenye hila ndogo ndogo. Huko Kenya, Benson Wanjau alikuwa Mzee Ojwang katika Vitimbi, pamoja na Mama Kayai, mpaka alipotutoka Julai 2015. Sebule za Afrika Mashariki zilijaa: baba kwenye kiti, watoto mkekani, na wote wanamcheka baba wa kwenye televisheni aliyeficha pesa au kumsingizia mkewe. Majuto alichukua zigo hilo kwa niaba ya akina baba wote. Mtoto aliuona ubahili wa baba yake kwenye kioo, akacheka kwa sauti, na baba aliyekaa nyuma yake naye akacheka, akijijua. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Nadhani tunadaiwa shukrani kubwa kuliko tuliyowapa watu hao.

Wapo ambao kicheko kinawafikia kwa kuchelewa. Waluguru, kama jirani zao wengi, wana watani msibani, na mwaka 1963 J. B. Christensen aliandika kwa kirefu juu ya utani wao. Nilihudhuria mazishi upande wa Morogoro ambako mtani alitoka ndani amevaa koti la marehemu. Akatembea kama marehemu, akiburuta mguu wa kushoto. Akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili kama alivyokuwa akikohoa marehemu kabla ya kuingia nyumba yoyote, hata yake. Kisha akawageukia wanawe, watu wazima wenye familia, akawadai hela ya sigara, na kuwauliza kwa sauti ile ile ya marehemu kama wanadhani pesa zinaota mgombani. Watoto hao walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Wakacheka. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na wanawake ndani wakasikia, wakacheka nao, na kilio kilichofuata kilikuwa kilio kingine, chepesi kidogo. Yule mkubwa aliniambia baadaye: "Mzee sikuwahi kucheka naye hata siku moja. Leo ndiyo ya kwanza." Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa anashukuru. Lakini sijaweza kuliondoa kichwani, kwa sababu mtani yule aliujua mwendo wa mzee kuliko wanawe, na aliujua kwa kuwa yeye aliruhusiwa kuuchekea.

Namalizia na walio mbali, maana nusu ya waliomo humu ndani wana mtoto au mzazi ng'ambo.

Mwaka 2016 Gregory Bryant na wenzake walitoa utafiti ambao ulinipa moyo sana. Walichukua sauti za Wamarekani wawili wawili wakicheka pamoja, kila kipande kama sekunde moja, wakawasikilizisha watu 966 kutoka jamii 24 duniani, wengi wao wasiojua lugha ya wanaocheka. Swali lilikuwa: hawa ni marafiki, au ndiyo kwanza wamekutana? Wasikilizaji walipatia kwa asilimia 61. Sekunde moja ya sauti, bila neno hata moja, na mtu wa bara jingine anahisi kwamba wanaocheka wanajuana.

Namjua mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi Muscat. Kila wiki wanatumiana ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama anaanza kama ipasavyo, anaitikia marahaba ya shikamoo iliyotumwa jana, anauliza afya, anauliza joto la huko, kisha anaingia kwenye kisa cha jirani na mbuzi wake. Hajawahi kukimaliza kisa chochote. Kicheko kinamshika katikati, maneno yanageuka pumzi, na ujumbe unakatika. Binti anausikiliza wakati wa mapumziko kazini, na wenzake, Wahindi na Wafilipino wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, wanacheka naye. Wameanza kumwomba aurudie. Alipomwambia mama yake habari hiyo, mama alinyamaza kidogo, akauliza wenzake hao wanakunywa chai saa ngapi, na Muscat imewatangulia kwa saa ngapi. Sasa anahesabu kwa vidole, anakaa kwenye kibaraza chake saa mbili na nusu asubuhi, anasafisha koo, na kisa cha mbuzi kinafika kabla chai haijamiminwa.